Pacha Aliporudi Kutoka Kongamanoni

Siku hizo hakuna aliyekwenda kongamanoni mwenyewe. Kila mfanyakazi alikuwa na pacha wa mashine, mwenye sura yake na sauti yake, na huyo ndiye aliyetumwa. Riziki, mtengenezaji wa programu za simu pale Tanga, alimtuma wake Arusha kwenye kongamano la usanifu wa programu, yeye akabaki nyumbani na mumewe, Chande.

Pacha alirudi Jumapili, beji shingoni, amechangamka.

"Nimejifunza jambo kubwa," alisema hata kabla ya kuvua viatu. "Kazi moja isifanywe na vitu viwili. Kimoja kiondoke."

"Hilo nalijua tangu chuo," Riziki alisema.

"Kulijua unalijua. Kulitenda je?"

Jioni hiyo hiyo pacha akaanza. Alitoa birika la pili, mwiko wa pili, na redio ya Chande, maana simu nayo inaimba. Chande alinung'unikia redio yake, lakini alikiri kwamba nyumba imepata nafasi. Riziki alicheka tu.

Walipokaa kula, pacha aliwatazama kwa upole.

"Nyumba hii bado ina Riziki wawili," alisema.

Chande alicheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi, alimgeukia pacha.

"Kwani wewe unajua kupika samaki wa nazi?"

"Naweza kujifunza leo leo."

Riziki naye alicheka, kisha akangoja mumewe aseme kwamba anatania. Chande aliendelea kutafuna, akifikiri.