Ufa wa Uani

Mpira uligonga chuma cha kikapu, ukaruka juu ya kichwa cha Bibi Ardith, ukavuka ule ufa uliokata saruji ya uani katikati, ukaenda kutulia kwenye majani karibu na trekta. Bibi aliufukuza mbio kwa miguu yake ya miaka sabini na sita, ufagio mkononi. Alipofika kwenye ufa akasimama ghafla kama aliyekuta ukuta.

"Kachukue," akamwambia mjukuu wake.

"Bibi, si umebakiza hatua tatu tu!"

"Basi hatua tatu hazitakuua. Kachukue."

Maren akaenda kuuchukua. Ilikuwa hivyo tangu Juni. Mpira ukibaki upande wa kikapu, kile kilichopigiliwa kwenye ukuta wa ghala la mahindi, bibi aliurukia kama paka. Ukivuka ufa, hata kwa shubiri moja, haukumhusu tena. Maren aliuweka kwenye hesabu ya uzee, maana wazee wana vituko vyao.

Isitoshe, alikuwa na kubwa la kumsumbua. Mwaka wake wa kwanza chuoni uliisha kwa wastani wa pointi nne kwa mechi, na kocha hakumung'unya maneno: wasichana wawili warefu wanaingia Septemba, na Maren akirudi vilevile alivyoondoka, ajizoeze kukaa benchi. Alilia kwenye simu mpaka baba yake akachoka kumbembeleza.

"Nenda shamba kwa bibi yako," baba alimwambia. "Mama alitwaa ubingwa wa jimbo la Iowa mara mbili. Akikushindwa yeye, hakuna wa kukuweza."

Na kweli, picha ilikuwepo sebuleni: mwaka 1966, wasichana sita wenye kaptula za kung'aa, Ardith katikati, amekumbatia mpira kana kwamba ameuzaa.

Ajabu ni kwamba bingwa huyo hakurusha mpira hata mara moja kiangazi kizima.

"Nionyeshe basi ulivyokuwa ukirusha, Bibi."

"Bega hili limekula chumvi nyingi. Rusha wewe, mimi nitasema."

Na alisema kwelikweli. Alisimama chini ya kikapu, ufagio juu, na kila Maren aliporuka, ule ufagio ulikuwa umeshafika usoni pake.

"Umeshanieleza," bibi alisema, akiupangua mpira.

"Nimekueleza nini? Sijafungua mdomo!"

"Umenieleza kila kitu. Unashusha mpira kiunoni, unalamba midomo, ndipo unaruka. Hata ng'ombe wa jirani wanajua unataka kurusha. Anayekukaba anakuombea maisha marefu, mwanangu."

Basi Maren akajifunza kuuacha mpira juu. Akajifunza kufunga mdomo. Akajifunza kwenda kushoto mara mbili ili mara ya tatu, mkabaji akishaegemea huko, yeye awe amesharusha. "Hapo ndipo tumbo la mkabaji linapokata," bibi alisema, akionekana kulikumbuka tumbo lenyewe.

Mchana mmoja wa Julai walikaa barazani wakitafuna mahindi ya kuchemsha yaliyopakwa siagi, Maren akilalamika kuwa miguu inamuuma.

"Ndiyo, nyie mnakimbia uwanja mzima kama mbwa aliyekata kamba," bibi alisema. "Sisi tulikuwa sita. Watatu wa kufunga nusu hii, watatu wa kuzuia nusu ile. Kila mmoja na nusu yake; ukikanyaga mstari wa katikati, filimbi."

"Kumbe raha tupu! Unasimama tu chini ya kikapu!"

Bibi alicheka mpaka akapaliwa. "Kusimama chini ya kikapu," akasema akifuta machozi, "nimesimama sana."

Kufikia mwisho wa Agosti, ufagio haukuugusa mpira tena.

Msimu ulipoanza Maren alifunga kumi na mbili, kisha kumi na tano, kisha kumi na tisa. Wale wasichana wawili warefu wakalijua benchi vizuri. Mwandishi wa gazeti la mji akamuuliza siri yake, naye akajibu bila kusita, "Mkono wa kufunga nimeurithi kwa bibi." Bibi Ardith alikata habari ile, akaibandika kwenye mlango wa friji, akawa anatikisa kichwa kila anapofuata maziwa.

Februari, chuo kiliwaalika mabingwa wa 1966 ili wapewe heshima baada ya mechi. Siku hiyo Maren alifunga ishirini na nne, na furaha yake haikuwa na mfuniko. Wale mabibi walipangwa nusu moja ya uwanja. Wachezaji wakasimama nusu ya pili, kila mmoja na ua la waridi mkononi.

"Darlene Quist," mtangazaji akasoma. "Pointi elfu mbili, mia tatu na kumi!" Ukumbi ukalipuka. Darlene akavuka uwanja, akapokea ua lake.

"Joyce Tvedt. Pointi elfu moja na mia tisa!" Naye akavuka.

Maren akajisogeza mbele na ua lake. Alitaka kuisikia hesabu ya bibi yake, aende kuwatambia wenzake nayo mwaka mzima.

"Ardith Sorheim. Mechi mia moja na tatu." Mtangazaji akageuza karatasi. "Pointi, sifuri."

Maren alidhani yule bwana amekosea mstari. Lakini wazee wote ukumbini walikuwa wameinuka, wakipiga makofi kuliko walivyompigia Darlene, na bibi yake alikuwa anakuja akipunga mkono, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mstari wa katikati. Hapo akasimama ghafla.

"Vuka basi, Bibi!"

"Niletee hapa," akasema Bibi Ardith. "Huko sijawahi kufika."