Ngozi ya Ndama

Makuza alikuwa mwana wa Rukara, na Rukara mwana wa Kanamugire, wafugaji wa Masisi ambao hawakuwahi kumnyima mgeni maziwa. Asubuhi ile ya mwaka 1951 Makuza hakuwa na maziwa hata ya mjukuu wake, kitoto kichanga kilichofiwa na mama.

Ndama alikuwa amekufa siku tatu zilizopita, na mama yake, ng'ombe wao pekee wa maziwa, kwa majonzi alikataa kukamuliwa. Sasa wanawe Makuza walimshika pembe, naye akainua kisu.

“Siku tatu ninapiga magoti!” alifoka. “Mungu iko wapi? Leo tunachinja.”

“Papa, ulimuomba Mungu maziwa ao nyama?” mkewe aliuliza. “Mutoto atatafuna na meno gani?”

“Nyamaza, mama! Saa ya Mungu ni gani? Tukisha kumuzika mutoto?”

Mkewe akakunjua ngozi ya ndama, iliyopakwa chumvi. Wazee wa ukoo walizoea kutandaza ngozi hivyo mbele ya ng'ombe aliyefiwa, lakini Makuza, kwa hasira, alikuwa ameamuru ndama azikwe bila kuchunwa. Mkewe hakutii; alimchuna kwa siri.

Ng'ombe akainusa. Akailamba polepole, kutoka shingoni hadi mkiani, kana kwamba ndama yu hai. Kabla mtu hajagusa kiwele, tone la maziwa likadondoka majanini, kisha jingine.

Kisu kilikuwa bado juu.

“Mumuachilie!” Makuza aliwangurumia wanawe, hasira yote ikiwa imemgeukia yeye mwenyewe. “Na muangalie vizuri huu mukono wa baba yenu. Mungu alikuwa amekwisha kujibu kwa mukono wa mama yenu, nao huu haukungoja, ukainua kisu. Munasikia?”