Majani ya Lobito

Kwa mara ya tatu mwezi ule, Edouard Mukuka alimwona mke wake, Adolphine, akipokea kifurushi uani. Aliyekileta alikuwa Mwape, mpishi wa treni ya bandari ya Lobito, mwanamume mwenye meno mazuri na maneno mengi.

Edouard alijibanza nyuma ya mlango, akatega sikio.

"Kidogo kidogo, mu chakula," Mwape alinong'ona. "Bwana yako asijue."

"Akijua, hatakula hata kidogo," Adolphine akajibu.

Edouard alirudi ndani kwa kunyata. Alikuwa karani, mtu wa kuheshimiwa pale mtaani Makomeno, lakini yeye hakumwamini mtu yeyote Élisabethville nzima. Tangu kaka yake afie hospitalini baada ya kunywa dawa, aliwaogopa hata madaktari. Uvimbe ulikuwa umemwota shingoni, mkubwa kama yai la bata, ukimbana pumzi. Daktari alimpa dawa ya matone; akayamwaga chooni. Adolphine alilia siku mbili. Sasa Edouard alijiuliza kama yale yalikuwa machozi ya kweli.

Mkewe alipokwenda sokoni, alikifungua kifurushi. Ndani mlikuwa na majani ya kijani, makavu, membamba kama karatasi, yakinuka chumvi na samaki. Edouard alizaliwa Katanga. Hakuwahi kuona mti wenye majani kama yale.

Jioni alichungulia jikoni. Adolphine, akiwa amempa mgongo, aliyafikicha vidoleni, yakapotea ndani ya sahani moja ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kisha akaleta mezani bukari, ugali wa moto, na zile sahani mbili za mboga, maana Edouard alitaka kila mtu ale sahani yake, kama Wazungu.

"Mama Mimi, niletee pilipili," alisema, akimwita kwa jina la binti yao.

Mkewe alipotoka tu, akabadilisha sahani.

Adolphine alirudi, akaketi, akala. Edouard alilitazama kila tonge likishuka. Kesho yake aliagiza chumvi, keshokutwa maji. Kila jioni alibadilisha sahani, na kila asubuhi alimchunguza mkewe: macho yamegeuka manjano? Mikono inatetemeka? Mara mbili alinyoosha mkono amnyang'anye ile sahani, kisha akaurudisha. Alijichukia kwa kungojea, lakini alingojea.

Wiki nane zilipita. Adolphine alizidi kunawiri, akiimba huku akifua.

Siku moja, ofisini, mwenzake Kalaba alimkazia macho.

"Edouard, shingo yako! Ile kitu iko wapi?"

Edouard alijipapasa. Uvimbe ulikuwa umebaki kama punje ya karanga. Badala ya kufurahi, aliingiwa na hofu asiyoielewa. Akaacha kalamu, akaenda nyumbani karibu mbio, akakibwaga kile kifurushi mezani mbele ya mkewe.

"Sumu ya Mwape ni hii! Ulikuwa unanitilia mu chakula! Lakini mimi nilikuwa nabadirisha sahani kila siku. Wewe njo uliikula!"

Adolphine hakushtuka. Alimsogelea, akampitishia vidole shingoni taratibu, akatafuta mahali palipokuwa na uvimbe.

"Ni dawa ya shingo, baba Mimi, inatoka ku bahari," alisema. "Na ile mambo ya sahani, nilijua utafanya. Njo maana kila siku nilikuwa naitia mu sahani yangu."