Waya wa Kompyuta

Akina mama watatu walikaa wodini wamewakumbatia vifuani watoto wao njiti, wakivitazama vitanda vya joto vilivyokuwa vitupu. Jaribio la umeme la siku hiyo likishindwa, wangepelekwa hospitali ya mbali.

Umeme wa hospitali hii ulitoka kwenye mtambo wa haidrojeni na betri, na vyote vilizoea kungoja amri ya kompyuta moja. Kompyuta ikizimika, wodi nzima iliingia gizani. Sasa Fundi Mishi alikuwa amekifundisha kila kifaa kujiamulia: mzigo ukipanda, betri ziwahi kuubeba, mtambo ufuate polepole.

"Chomoa, mwanangu," alisema Bi Kidawa, muuguzi mkuu. "Bismillahi."

Mishi akachomoa waya wa kompyuta, kisha akawasha vitanda vyote kwa mpigo.

Taa zikafifia. Mishi akafumba macho. Betri zikashika mzigo, na punde mtambo nao ukavuma nyuma ya ukuta. Mwanga ukarudi.

"Nani kaviamuru?" aliuliza Bi Kidawa.

"Hakuna, mama. Vimehisiana vyenyewe kupitia nyaya za umeme."

Bi Kidawa akapiga kigelegele, akina mama wakakipokea. Mishi akatoka nje. Bomba la mtambo lilikuwa likidondosha maji safi, ya vuguvugu, yatokanayo na haidrojeni inapozalisha umeme. Akayakinga kiganjani, akanawa uso huku akicheka.