Jina la Mwana wa Jenerali

Kwa miaka sita Balozi Raziya alikuwa akijenga ujirani wa nchi mbili kwa maneno ya kupimwa, na sasa jenerali wa nchi ya pili aliusukuma kando mkataba wa amani.

"Mwanangu aliuawa upande wenu, Mheshimiwa. Nitie saini kwa lipi?"

Walinzi walisogea. Hotuba yote aliyoiandaa ilimtoka Raziya kichwani.

"Aliitwa nani?" akauliza.

Jenerali alimkazia macho. "Shadhili."

Raziya akaliandika jina hilo juu kabisa ya mkataba, akamrudishia. Jenerali alilisoma, akachukua kalamu, akasahihisha herufi moja. Kisha akabaki ameishika kalamu, hatii saini wala haiweki chini.