Wimbi la Mama Kemi

Tangu boti zianze kupima nguvu za miili yetu, hakuna tena anayejichagulia wimbi la kutelezea nyuma ya boti. Asubuhi mke wangu alipokanyaga sitaha, boti ilimsoma, ikajaza farumi, yale maji ya kuilemea nyuma ili iinue wimbi, lita mia tatu tu. Mwezi uliopita ilimpa mia sita. Mwenyewe anasema ni mzima kabisa.

"Baba Kemi, mbona leo wimbi limenywea hivi?" aliniuliza kutoka majini, ubao miguuni, kamba mkononi.

"Ngoja kidogo."

Kugusa matangi ya farumi kumekatazwa, lakini sheria haisemi mtu aketi wapi. Nikalihamishia tumbo langu lote kwenye kona ya nyuma kushoto, pamoja na nanga na kreti mbili za soda. Boti ikalala upande, na wimbi likainuka laini hadi kiunoni mwake. Akaiachia kamba, akateleza huku akicheka.

"Hapo umepatia, mume wangu. Jumamosi tena."

Nikampungia mkono. Sikumwambia kwamba, kwenye kioo cha usukani, boti ilikuwa imeshakadiria nguvu atakazobaki nazo na kumpangia Jumamosi yake: lita sifuri.