Barfi ya Kumpokea Fundi

Asubuhi mama mkwe aliingia jikoni na chokoleti mkononi, miche minne mikubwa, akaiweka mezani bila hata kusonya.

Mke wa fundi umeme hakuamini macho yake. Tangu aolewe, mama mkwe hakuwahi kuonja barfi yake yenye chokoleti. Aliiita tope. "Barfi ni maziwa, sukari na iliki, basi," alikuwa akisema mbele ya wageni. "Lakini mtoto wa muuza barfi utamwambia nini?" Maana mama yake mkaza mwana huyu alilea wanawe kwa sinia la barfi na ladu alilotembeza mitaani, na katika nyumba ile jambo hilo halikuwahi kusamehewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo mumeo anatoka hospitali." Macho ya mama mkwe yalikuwa mekundu, kama ya mtu aliyekesha. "Mpikie ile ya kwenu anayoipenda. Na usinitilie maziwa ya unga. Chemsha mabichi mpaka yawe mazito yenyewe."

"Hiyo ni kazi ya kutwa, mama. Mimi nilitaka twende wote tukamchukue."

"Kumchukua tutamchukua sisi. Wewe baki jikoni, mwanangu. Nyumba inukie."

Mwanangu! Hakuwahi kumwita hivyo. Alifunga kitambaa kichwani, akawasha jiko, akamimina maziwa kwenye sufuria nzito.

Fundi alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa la nyumba ya watu, akavunjika mguu, wakamlaza. Jana mchana mkewe alipokwenda kumwona alimkuta anatania wauguzi. "Kesho wananiachia," alimwambia. "Uji wa hapa umenishinda. Nataka barfi yako, ile nyeusi juu."

Maziwa ya barfi hayataki mtu mwenye mambo mengi. Ukiyapa kisogo tu, yameshika chini. Alikoroga, akabadilisha mkono, akakoroga tena. Mvuke ulimchoma uso. Hakujali.

Wifi yake alichungulia mlangoni. "Wifi, niazime simu yako. Yangu imeisha chaji."

"Ichukue hapo dirishani. Mkimpata kaka yako, mwambie nimeshaanza!"

Wifi aliichukua haraka, akaondoka bila kumtazama.

Baadaye kidogo sauti ya jirani ilisikika getini. Wifi alikimbilia huko. Wakanong'ona, kisha geti likafungwa.

"Nani huyo?" mke wa fundi aliuliza kwa sauti, mwiko ukiendelea kuzunguka.

"Watu tu. Wanamuulizia kaka."

Rangi ya maziwa ilipoanza kugeuka, shemeji yake, mdogo wa fundi, aliingia ameinamisha kichwa. "Shemeji, mama anaomba suti ya kaka. Ile ya harusi."

Alicheka mpaka akashika meza. "Anatoka hospitali au anaenda kuoa tena? Iko kabatini, imepigwa pasi. Viatu vyake viko chini ya kitanda."

"Viatu... havina haja."

"Kweli, na ile plasta! Nimesahau, jamani."

Shemeji alisimama kama mwenye la kusema. Mama mkwe akamwita kutoka nje, akaenda.

Kabla ya kuondoka, mama mkwe mwenyewe alileta dumu jingine la maziwa. "Ongeza. Watu watakuwa wengi. Na usitoke hapa, yasije yakaungua ukaniaibisha."

"Siwezi kukuaibisha leo, mama."

Mama mkwe alimtazama kidogo, kisha akafunga mlango wa jikoni taratibu.

Magari yaliondoka. Nyumba ikanyamaza. Alitia sukari, akatia samli, akaponda iliki huku akiimba. Mchanganyiko ulipoachana na sufuria, aliumwaga kwenye sinia lililopakwa samli, akausawazisha kwa mgongo wa kijiko. Akayeyusha chokoleti juu ya maji ya moto, akaitandaza juu, nyeusi na yenye kung'aa kama kioo, akanyunyizia lozi. Kisha akarudia yote kwa maziwa ya dumu la pili. Mikono ilimuuma mpaka mabegani, lakini alipokata vipande vya kwanza na kuona jinsi kisu kilivyopita bila kuvunja hata kimoja, alitamani mama yake angekuwepo amwone.

Alioga. Akavaa gauni jekundu ambalo fundi alimnunulia, akajipulizia manukato, akapaka midomo rangi.

Magari yalirudi jua likiwa limeinama. Milango ilifunguliwa na kufungwa, mingi kuliko alivyotarajia. Alinyanyua sinia kwa mikono miwili, akausukuma mlango kwa kiwiko, akatoka uani huku anatabasamu.

Uani palijaa watu, wanaume upande huu, wanawake upande ule, wote kimya. Mama mkwe alisimama katikati, wifi amemshika kiuno. Viatu vyao vilikuwa vimetapakaa udongo mbichi.

"Karibuni," alisema, macho yakimtafuta mumewe katikati ya vichwa. "Yuko wapi? Bado yuko garini?"

Jirani wa getini aliliangalia sinia, akaliangalia gauni, akaiangalia ile midomo, kisha akatema mate pembeni.

"Kumbe ni kweli," alisema.

"Si niliwaambia?" Mama mkwe aliwageukia watu, machozi yakimtiririka. "Sisi tunamzika mumewe, yeye amebaki anapika barfi."